Jumamosi: twendeni tukazione siwa

Asalaam aleikum jamaa. Jumamosi saa nne asubuhi tukutane uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, twende Makumbusho kuona siwa mbili, yaani baragumu kubwa za kifalme: ya shaba ya Lamu na ya pembe ya ndovu ya Pate. Wageni huvuka bahari kuja kuziona, na sisi twapita mlangoni kila siku tukienda gatini! Watoto waangalie tundu la kupulizia; liko ubavuni, si nchani. Njooni na vitambulisho, kiingilio cha raia ni nafuu. Mama zetu wenye maumivu ya magoti wasipite Usita wa Mui, ile njia kuu ya ndani ya mji, punda ni wengi saa hizo. Waje kwa njia ya pwani, tutawangojea mlangoni. Halua ninayo, kahawa nani ataleta?