Mkondo wetu haugeuki na upepo

Mhariri,

Wengi huamini kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, ikiingia, mkondo wa bahari nao hugeuka kusini. Sivyo. Maji yanayovuka Bahari ya Hindi toka mashariki hugonga bara karibu na Rasi ya Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na tawi moja hupanda kaskazini kupitia Unguja na Pemba mwaka mzima. Kusi, upepo utokao kusini, huliongezea tawi hilo kasi inayoweza kufika maili 4 za baharini kwa saa; kaskazi huipunguza tu kasi hiyo. Upepo huo ukipingana na mkondo, mawimbi husimama na kubanana, yakajaza ngalawa.

Mashine ikizimika kati ya Pemba na bara, nanga haisaidii: kina hupita mita 500, na mkondo hukibeba chombo. Jamani, watafutaji waanzie kaskazini ya pale chombo kilipoonekana mwisho!

Msomaji,
Mkoani, Pemba