Barua kwa mdogo wangu wa Kadutu, juu ya vita na madikteta

Liège, Ubelgiji

Mdogo wangu mpendwa,

Jambo sana kwako, kwa Papa na Mama, na kwa wote wa nyumbani hapo Kadutu, Bukavu. Huku tu wazima, ni baridi tu inayotusumbua. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kwenye basi nikienda kazini, nikaurudia usiku wazee ninaowahudumia walipokwisha kulala. Ulisema mmebishana kwenye kundi la vijana la parokia mpaka mkakaribia kukosana, halafu ukaniuliza mimi mkubwa wako: Yaya, dikteta asiyetaka kutoka, si ni haki kumtoa kwa vita? Nimeona nikuandikie, maana haya si ya kujibiwa kwenye simu inayokatika kila dakika. Mambo ya leo ya mji wetu sitayataja kwenye karatasi hii, unajua kwa nini. Nitasema ya zamani na ya mbali, wewe utapima.

Nianze na upande wako, kwa sababu una nguvu kuliko wenzako walivyokubali. Mobutu alishika nchi yetu ya Kongo tarehe 24 Novemba 1965, akakaa zaidi ya miaka 31. Si kweli kwamba watu walikimbilia bunduki bila kujaribu njia nyingine. Mwaka 1980 wabunge 13 walimwandikia barua ya wazi, wakafungwa na kupelekwa mbali na miji yao. Ukaja Mkutano Mkuu wa Kitaifa, ule Papa anaouita Conférence Nationale mpaka leo, nchi nzima ikakaa kwenye redio kuwasikiliza wajumbe wakitaja wizi na mauaji kwa majina. Tarehe 16 Februari 1992 Wakristo wa Kinshasa waliingia barabarani na rozari na nyimbo kudai mkutano ufunguliwe tena, wanajeshi wakawapiga masasi. Mkutano ulifunguliwa, na mwezi wa Agosti ukamchagua mpinzani wake, Étienne Tshisekedi, kuwa waziri mkuu. Mobutu akabaki na jeshi na benki kuu. Akachapisha noti ya zaire milioni 5, wafanyabiashara wakaikataa, wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo wakapora Kinshasa Januari 1993. Kwa hiyo anayewaambia kwamba watu wetu walikosa subira, mwambie ahesabu upya.

Nenda pia upande wa Tanzania. Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin lilivuka mpaka, likaua watu wa Kagera, likapora ng'ombe na kubomoa daraja. Nyerere akatangaza kwenye redio: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka, na Waganda walipokea askari wa Tanzania kwa vifijo. Mwaka huohuo, mwezi wa Januari, jeshi la Vietnam liliingia mji mkuu wa Kambodia na kuwatoa Khmer Rouge, watu waliokuwa wameua wananchi wao wenyewe kwa njaa na majembe. Na hapa kwa jirani zetu wa Rwanda, mwaka 1994, mauaji ya kimbari yalisimamishwa na watu wenye silaha. Dunia ilikuwa na wanajeshi wake Kigali, ikawapunguza. Siwezi kumwambia mtu aliyekuwa amejificha darini siku zile kwamba vita ni dhambi daima. Wewe pia usikubali mtu akuambie hivyo kirahisi, hata akiwa padri.

Sasa nisikilize upande wa pili, maana huo tumeuishi.

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Vita vya 1996 waliviita vya ukombozi, na dikteta kweli alikuwepo. Lakini tazama vilivyoanza. Tarehe 6 Oktoba wapiganaji waliingia hospitali ya Lemera, kule juu ya bonde la Ruzizi, wakaua wagonjwa vitandani na wauguzi waliokuwa wakiwahudumia. Daktari mkuu wa hospitali ile alikuwa Mukwege, huyuhuyu wa hospitali ya Panzi, aliyepewa Nobeli mwaka 2018. Siku chache baadaye mkataba wa kuunda AFDL, muungano wa waasi hao, ukapewa jina la mahali palepale, Lemera. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi nikiwa zamu, nikimgeuza mzee asiyeweza kujigeuza mwenyewe. Mtu aliyemlenga mgonjwa kitandani alikuwa anamkomboa nani?

Tarehe 29 Oktoba wakafika mjini Bukavu. Askofu mkuu Munzihirwa aliuawa hapo Nyawera, yeye ambaye kwa miezi mingi alikuwa ameonya kwamba vita vinakuja na kuwasihi watu wasikimbie ovyo. Hakuwa mtu wa Mobutu. Wanajeshi wa Mobutu wenyewe aliwakemea hadharani kwa uporaji. Wanajeshi hao walikuwa wamekwisha kukimbia, wakiondoka na magari na godoro za watu.

Sisi tulirudi nyumbani baada ya kujificha kwa ndugu zetu upande wa Walungu. Nakumbuka kadogo mmoja, mtoto askari wao, alisimama mlangoni kuomba maji. Alikuwa na mabuti ya mpira yaliyompita mguu, ameyajaza majani makavu ili yasimtoke, na bunduki ameiegemeza ukutani kama fagio. Mama alimpa kikombe kile cha bati cha buluu. Akanywa, akasema asante mama, akauliza kama kuna mahindi. Mama alimpa muhindi mmoja wa kuchoma, akaula palepale kwa haraka, akigeuza macho asionekane na mkubwa wake. Uso wake ulikuwa wa mtoto wa darasa la tano.

Mwezi uliofuata mtoto wa Mama mkubwa akaenda nao. Hakuna aliyemlazimisha, Papa atakuambia. Walimwambia Mobutu anaondoka na kila kijana atapata kazi na shule. Alikuwa bado hajabadilika sauti. Tarehe 17 Mei 1997 waliingia Kinshasa, Papa akawasha redio kwa sauti kubwa, majirani wakajaa sebuleni, watu wakakumbatiana. Nami nilifurahi, sitaificha furaha ile, kwa sababu mtu aliyetufanya maskini alikuwa ameondoka kweli. Huyo ndugu yetu hakurudi. Mama mkubwa mpaka leo akisikia mtu wa Kinshasa amefika mtaani anakwenda kumuuliza.

Na furaha ilidumu kiasi gani? Tarehe 2 Agosti 1998 vita vya pili vikaanza, safari hii dhidi ya Laurent Kabila, yule aliyemtoa dikteta, na walewale waliomleta wakawa ndio wanaomfukuza. Tukapata mauaji ya Kasika, tukapata ya Makobola. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 iliorodhesha matukio 617 ya uhalifu mzito nchini mwetu kati ya 1993 na 2003, na wakimbizi Wahutu waliofuatwa msituni mpaka upande wa Kisangani na Mbandaka wamo ndani yake, wanawake na watoto. Uwezo ulikuwepo mwaka 1996. Sababu ilikuwepo. Nia sijui tuiite nini, maana nia ya aliyelipa risasi haikuwa ya Mama mkubwa aliyetoa mtoto.

Hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Wewe unauliza kama dikteta anastahili kupigwa. Mimi nauliza anayempiga anawajibika kwa nani. Jeshi la Tanzania lilikuwa la nchi, lina rais anayejulikana na bunge la kumuuliza, na wanajeshi wake walikuwa na kwao pa kurudi. Hata hivyo, Uganda haikupona siku ile. Ndani ya mwaka mmoja na kidogo ilibadilisha viongozi mara kadhaa, Obote akarudi, vita vya Luwero vikala watu mpaka Januari 1986 Museveni alipoingia Kampala na bunduki. Yupo mpaka leo. Ikiwa vita vyenye haki kubwa namna ile viliacha deni kama hilo, vita vya watu tusiojua nani anawalipa vitaacha nini?

Kazini ninafanya zamu na mama mmoja wa Baghdad. Kaka yake alichukuliwa wakati wa Saddam, hawakuona maiti wala kaburi. Aliniambia kwamba Aprili 2003 sanamu lilipoangushwa alilia kwa furaha mpaka akakaa chini jikoni. Na Saddam alikuwa muuaji kweli: Machi 1988 aliwapiga Wakurdi wa Halabja kwa gesi, wakafa maelfu kwa siku moja. Lakini mwaka ule hakuna aliyekuja kuwaokoa. Waliokuja 2003 walisema wanatafuta silaha za maangamizi, hawakuzipata. Mwezi wa Mei wakavunja jeshi lote la Iraq kwa amri moja, wanaume laki kadhaa wakarudi nyumbani bila mshahara, wakiwa wanajua kutumia silaha. Miaka mitatu baadaye mama huyu alikuwa anamtuma mwanawe shuleni na vitambulisho viwili, kimoja chenye jina la Kisuni na kingine la Kishia. Nilimuuliza, kama ungeambiwa uchague tena? Alikunja shuka tulilokuwa tunalitandika, akaniambia kwamba yeye hakuulizwa hata mara ya kwanza.

Utaniambia: sawa, Yaya, basi tukae tungoje afe? Hapana. Malawi walikuwa na Kamuzu Banda, rais wa maisha, chama kimoja, vijana wake wakipiga watu barabarani. Machi 1992 maaskofu Wakatoliki waliandika barua ya kichungaji, ikasomwa siku moja katika makanisa ya nchi nzima. Maaskofu walishikwa na kuhojiwa, lakini barua ilikuwa imeshasikika. Wanafunzi wakafuata, wafanyakazi wakagoma, wafadhili wakazuia pesa. Juni 1993 ikapigwa kura ya maoni, Mei 1994 Banda akashindwa uchaguzi, akaondoka. Watu walikufa, sikudanganyi, polisi walipiga risasi mwaka 1992. Ila hakuna mtoto wa Malawi aliyetembea kwa miguu msituni na bunduki kwenda kuteka mji mkuu. Hata Bukavu yetu imewahi kufunga maduka na masoko kwa siku nyingi mwanzoni mwa mwaka 2000, wakati waasi wa RCD walipoushika mji, na wenye bunduki wakaudhika vya kutosha kumzuia askofu mkuu Kataliko asirudi mjini. Usiidharau nguvu hiyo.

Najua pia kwamba njia hii haifanyi kazi kila mahali. Mtu anayeua watu wake kila siku hangojwi kura ya maoni. Hapo nakubaliana nawe, na kama mauaji yameshaanza na hakuna mlango mwingine, atakayesimama kuyazuia sitamlaumu. Lakini dikteta anayeiba, anayefunga watu na kukataa kutoka, huyo nachagua kumchosha kwa migomo, kwa barua, kwa mahakama na kwa maandamano, hata ikichukua miaka, kuliko kumpa mtu wa pembeni sababu ya kuingia na jeshi lake nyumbani kwetu.

Sasa nije kwenye lililonikosesha usingizi. Mwishoni mwa ujumbe wako ulimtaja rafiki yako, yule mliyesoma naye sekondari, ukasema amepata mtu wa kumpokea na huenda mtakwenda pamoja "kuangalia tu". Usiende. Jumapili hii baada ya misa mlete nyumbani, akae na Papa, na mumuite Mama mkubwa pia. Amuulize Mama mkubwa mwanawe alisema nini asubuhi aliyoondoka. Pesa ya mwaka wako wa shule nimeituma kwa jina la Mama, ya rafiki yako nitatafuta, nimeshaongea na wenzangu wawili hapa. Mwambie Papa anipigie Jumapili jioni, saa yoyote, hata nikiwa kazini nitapokea.

Msalimie Mama sana.

Yaya wako