Shangazi, mume wangu aliniita dereva mbele za watu

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku wa manane. Yeye anakoroma chumba cha pili, mimi asubuhi naingia zamu, kwa hiyo unisamehe maneno yakipishana. Ni kuhusu ile safari yetu ya kuonja divai. Watu wameona picha wakasema tumefaidi, na kweli picha ni nzuri. Ila lile neno halionekani kwenye picha.

Ujue kwanza kwamba mwenye leseni ni mimi. Yake ya nyumbani ilikwisha nguvu huku Ujerumani baada ya miezi 6, kama ya yeyote anayetoka kwetu. Ukitaka kuendelea unafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani. Ule wa nadharia ulimshinda, akasema maswali yana hila, akaacha. Mimi nilisoma nikitoka kazini, nimechoka, nikapata. Sikumcheka. Uliza mtu yeyote kama niliwahi kumcheka. Na kwa kuwa ndiyo leseni yangu ya kwanza, bado niko kwenye miaka 2 ya majaribio, na Ujerumani dereva wa namna hiyo akishika usukani haruhusiwi pombe hata tone. Kwa hiyo tangu tunatoka Köln ilijulikana nani ataonja na nani ataendesha. Nilikubali kwa moyo mweupe. Hata hivyo mimi si mnywaji, divai yenyewe inanipa kichwa.

Tukafuata mto Mosel kuanzia Koblenz. Shangazi, ule mto unajipinda mpaka kijiji ulichokipita unakiona tena upande wa pili, na mizabibu imepandwa kwenye miteremko ambayo unajiuliza wavunaji wanasimamaje. Pale Bremm kuna mlima Calmont, unatajwa miongoni mwa mashamba ya mizabibu yenye mwinuko mkali kuliko yote Ulaya. Mimi niliutazama kwa kuibia. Yeye kila kijiji, "simama hapa, simama na hapa." Cochem tukasimama, Bernkastel tukasimama. Wanakowekea watu divai za kuonja huwa kuna ndoo, mtu anasukutua, anatema. Wangu hatemi. Anasema amelipia.

Hayo hayakuniudhi. Kilichoniudhi kidogo ni Schengen. Kumbe ni kijiji kabisa, kiko ukingoni mwa Mosel upande wa Luxembourg, na ule mkataba wa nchi za Ulaya kuondoleana ukaguzi mipakani ulisainiwa pale mwaka 1985, ndani ya meli. Wewe unajua ile viza ilivyonitoa jasho, taarifa za benki, barua za mwaliko, kunyimwa, kuomba tena. Nilitaka dakika 5 tu, nisimame pale nipigwe picha moja. Akasema tutachelewa miadi ya kuonja. Nikapita, ili pasiwe na ugomvi ndani ya gari.

Sasa Alsace, upande wa Ufaransa. Ile barabara yao ya mvinyo ina kilomita 170, kutoka Marlenheim mpaka Thann, ipo tangu 1953. Karibu na Riquewihr tuliingia kwa mkulima mmoja mzee, chini ya nyumba yake, meza ndefu, wageni wengine wapo. Mume wangu ni mtu wa Dodoma, kwao wanalima zabibu. Akaanza kumsimulia mzee kwa Kijerumani kwamba kwetu zabibu zinavunwa mara 2 kwa mwaka. Mzee akashangaa, meza nzima ikageuka kumsikiliza, na Kijerumani chake siku hiyo kilikuwa kinateleza. Nilijivunia, sikufichi. Mzee akafungua divai nyeupe iitwayo Gewürztraminer, hiyo inanukia waridi hata ukiwa mbali, akamimina kwa kila mmoja, akafika kwangu akauliza, "Na mama je?"

Kabla sijafungua mdomo akajibu yeye: "Huyu? Huyu ni dereva tu."

Wakacheka. Chupa ikaenda kwa mwingine.

Dereva tu. Angesema "mke wangu ndiye anayeendesha", angepungukiwa nini? Usiku ule Colmar nilimwambia. Akasema nina maneno, ule ni utani, na kwani si kweli nilikuwa naendesha? Ni kweli! Ndiyo maana inaniuma. Aliyeshindwa mtihani ananiita mimi dereva tu. Hilo sikumwambia wala sitamwambia, najua likishatoka halirudi. Hivi Shangazi, inawezekana mtu akamchukia mkewe kwa sababu ya leseni? Maana tangu niipate ameanza huu utani wake.

Na usidhani ni mtu mbaya. Wakati wa kurudi tulipitia Ubelgiji, Orval, kwenye abasia, yaani makao ya watawa, yenye kiwanda cha bia. Wana hadithi ya mjane aitwaye Matilda, alidondosha pete yake ya ndoa kwenye chemchemi, akaomba, samaki akaibuka nayo mdomoni. Ndiyo maana nembo ya bia yao ni samaki na pete. Aliposimuliwa hayo alinishika kidole mbele za watu, akasema pete yangu ikidondoka hatangoja samaki, atazama mwenyewe. Nikamsamehe mpaka mpakani. Tulipoingia Ujerumani nikasikia tena "dereva tu".

Halafu ile divai ya Riesling niliyojinunulia Bernkastel, ile yenye utamutamu. Niliiweka nije niifungue siku sina zamu wala usukani. Rafiki zake wakaja nikiwa kazini, unajua ilivyokwisha. Silalamikii divai, zipo dukani hapa chini.

Sasa jana ndiyo kaniua. Amewaahidi haohao rafiki zake kwamba mwezi wa kumi tunakwenda Bamberg, hukuhuku Ujerumani, kunywa ile bia ya kimea kilichokaushwa kwa moshi wa kuni. Basi dogo la viti 9, leseni yangu inaishia hapo. Ameandika kwenye kundi la WhatsApp, "shemeji yenu ataendesha". Sikuulizwa, nimesoma kama wao. Nikikataa nitakuwa nimemwaibisha, na wake zao watasema nimepata leseni nimeota pembe. Nikikubali, basi neno lake nimelitia saini mwenyewe. Nilifikiri niseme wakodi mtu, nami nikae nyuma nionje kama wengine. Lakini nitakaaje nyuma huku mtu mwingine anaendesha? Kuendesha nakupenda, ile njia ya Mosel hata kesho ningeirudia. Tena Bamberg natamani kuiona, mji wake wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1993.

Sitaki aniombe radhi. Angeniomba radhi tu, haya yote yangekwisha.

Dada yangu wa Tanga anasema nimshukuru Mungu, mume hanipigi na ananipeleka kutembea Ulaya. Kunipeleka! Nani alimpeleka nani?

Na usinishauri niwapigie wazee Dodoma, wao watauliza kwanza kama divai ya huko inaizidi ya kwao. Nijibu kabla ya Ijumaa tafadhali, hoteli ya Bamberg inataka malipo ya awali, na kadi aliyowapa ni yangu.

Mwanao, Köln