Wawaniaji wa MCA waulizwe maswali sasa, si siku ya kura

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027 lakini huku Kilifi wawaniaji wa kiti cha MCA, yaani mjumbe wa wadi kwa bunge la kaunti, washaanza kuzunguka kitambo, hakuna matanga utaenda usiwakute, hakuna harambee wanakosa, mabango yashapigiliwa kwa miembe na fulana zinagawanywa. Na wanaongea vizuri, sikatai. Shida yangu ni kwamba ukiwasikiza mpaka mwisho hujui huyu mtu akifika Malindi pale bunge la kaunti linapokaa ataenda kufanya nini haswa, na sisi nasi hatumuulizi, tunapiga makofi tunangoja nauli itolewe tutawanyike.

Naongea juu ya MCA kwa sababu hiki ndio kiti tunachokichukulia mchezo. Unapewa karatasi sita pale kituoni, ya rais unaijua tangu mwaka jana, ya gavana mshabishana mpaka mmechoka, ukifika ile ya MCA unafuata chama ama ukoo ama yule aliyeleta hema na viti msiba ulipoingia. Na ukiangalia, chekechea ya mtoto wako iko chini ya kaunti. Zahanati pia, na soko, na taka, na barabara ya kuingia kijijini, na maji ya kunywa. Katiba ya 2010 iliyaweka hayo yote huko. Wadi 35 tulizonazo, watu 35 tunawachagua waende wakae juu ya hizo pesa, alafu hatujui hata mmoja wao ana maoni gani.

Kwa hivyo mtu akisimama akisema "nitawajengea", aulizwe hapo hapo, utajenga na pesa gani? Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kifungu cha 9 inakataza kabisa MCA kuingia kazi za utekelezaji za serikali ya kaunti ama kutoa huduma kama vile yeye ni mfanyikazi wa kaunti. Yeye kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti, kumkagua gavana na mawaziri wake, na kurudi kwetu kutuuliza tunataka nini kabla hajaenda kutusemea. Sasa unasikia ahadi za visima kumi, chuo kikuu, kituo cha polisi, na hati za mashamba kwa skwota. Polisi ni serikali kuu. Vyuo vikuu ni serikali kuu. Na hili la hati linaniuma zaidi manake hapa pwani watu wamezaliwa, wamezeeka na wamezikwa kwa ardhi isiyokuwa na jina lao, si jambo la mtu kulichezea jukwaani apate kelele. Kama mwaniaji anataka kuligusa aseme ukweli, kwamba hati inatoka serikali kuu, kaunti ina upimaji wa ardhi na mipango ya miji, na yeye kwa hiyo sehemu yake atasukuma nini na kwa kamati gani.

Bursari vivyo hivyo. Wengi wanajinadi kwa bursari tu, lakini mapema 2025 tuliona mvutano ulivyokuwa pale Msimamizi wa Bajeti alipoambia kaunti kwamba sekondari na vyuo vikuu si kazi yao mpaka waingie mkataba na serikali kuu. Wazazi walihangaika na watoto. Mwaniaji anayeahidi bursari atuambie kama hilo analijua, na likitokea tena yeye atafanya nini.

Kuna jambo lingine naona halizungumzwi kabisa na kwangu mimi ndio kubwa kuliko yote. Kaunti ina mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na huu wa sasa ni wa 2023 mpaka 2027. Maana yake huyu tutakayemchagua Agosti akila kiapo tu anakutana na mpango mpya unatengenezwa, wa 2028 hadi 2032, na sheria inasema pesa za umma zisitengwe nje ya mpango. Kama barabara yenu haimo humo, ama zahanati haimo, mtalia miaka mitano na majibu yatakuwa hakuna bajeti. Kwa hivyo mwaniaji wa sasa hivi anafaa aweze kukutajia bila kusitasita ni vitu gani vitatu vya wadi yetu atahakikisha vimeingia kwa huo mpango, na kama sio vyote vitaingia ataanza na kipi na ataacha kipi. Hiyo ya kuacha ndio muhimu. Kila mtu anaweza kuahidi kila kitu, lakini anayekwambia mwaka wa kwanza nitasukuma maji, soko lingoje, huyo amekaa chini akafikiria na unaweza kumpinga ama kumkubali ukijua unapinga nini.

Maji yenyewe tuyaulizie vizuri. Maji ya Baricho yanachotwa hapa kwetu kando ya mto Sabaki, yanapita kwa mabomba mpaka Mombasa. Sisemi Mombasa wasipate, ni ndugu zetu. Nasema mwaniaji wa huku atueleze vijiji vya wadi hii ambavyo havijaunganishwa vitaunganishwa bajeti ya mwaka gani, na yeye kwa kamati atamwita nani ajibu.

Na kwa wale walio kwa kiti tayari na wanataka kurudi, maswali yao ni rahisi zaidi. Ulileta hoja gani bungeni? Bajeti ilipopita ulipiga kura vipi? Ripoti ya Mkaguzi Mkuu kuhusu kaunti yetu uliisoma? Kulikuwa na kitu kinahusu wadi yetu na ulikifuata wapi? Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende maendeleo, je ilienda? Asiyeweza kujibu hayo baada ya miaka mitano akiwa ndani, mimi sina lingine la kumuuliza.

Najua watu watasema ukiuliza unafukuzwa. Ni kweli inatokea. Kwa mkutano mmoja huku kwetu mama anayeuza samaki alisimama akauliza soko litajengewa choo lini, vijana waliokuja na gari la mwaniaji wakaanza kuimba kwa nguvu mpaka yule mama akaketi. Aliuliza kwa adabu kabisa. Mimi naona mikutano ile mikubwa ya spika tuiache, tuwaite kwenye vikao vidogo, kwa chama cha kina mama, kwa stage ya boda, kwa wavuvi pale bandarini, pahali ambapo huwezi kuleta watu wa kukuimbia. Mmoja aulize, mwingine arekodi na simu. Na nauli ikitolewa tukumbuke kwa Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 anayetoa na anayepokea wote wako makosani.

Wengine wanasema kura moja haibadilishi kitu. Hapa kwetu eneo bunge la Magarini, 2022 ubunge uliamuliwa kwa kura 21 tu, kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Juu, tukarudi debeni tarehe 27 Novemba 2025. Kwa ule uchaguzi mdogo wakubwa walijaa huku kutoka Nairobi, habari zikawa ni nani yuko na nani na nani atakuwa nani 2027, na mambo ya mwananchi wa Magarini yakakosa pa kuingilia. Ya MCA tusikubali yaende hivyo.

Ombi langu kwako Mhariri ni hili. Andikeni maswali machache, yale yale kwa kila mwaniaji wa kila wadi, muwatumie mapema na muwape tarehe ya kujibu, alafu mchapishe majibu yao kama walivyoandika. Asiyejibu wekeni jina lake na muache nafasi tupu. Lakini tafadhali ifanyike kabla ya mchujo wa vyama, kwa sababu huku pwani mara nyingi mchujo ukipita mambo yashaamuliwa, na wengi wanaojitokeza kuuliza wakati huo wanakuwa washachelewa.

Mkazi wa Magarini,
Kaunti ya Kilifi