Slaidi safi, homa kali

Tororo

Kaka Opio,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Umeuliza inakuwaje mgonjwa mmoja wa malaria slaidi yake ya asubuhi, yaani kioo cha damu ya kusoma kwa hadubini, haina kitu, ya jioni imejaa vimelea. Kabla hujamlaumu aliyesoma, tazama saa ya kuchukua damu.

Kimelea cha malaria cha Plasmodium falciparum, ambacho ndicho tunachokutana nacho zaidi Uganda, humaliza mzunguko wake ndani ya chembe nyekundu kwa saa 48. Kikiwa kichanga huonekana kama pete, na huzunguka na damu mpaka kidoleni. Baada ya takribani siku moja, chembe iliyokibeba huota vinundu na kunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ndani, kama ya ubongo, na kwa mjamzito hata kwenye kondo. Hapo choma kidole upendavyo, utaambulia vichache au usipate kabisa. Chembe zikipasuka pamoja, homa hupanda, na pete mpya hurudi kwenye damu.

Kwa hiyo dalili zikiwepo, rudia slaidi baada ya saa 12 hadi 24, mpaka zitimie 3. Andika saa kwa penseli kwenye slaidi yenyewe. Tone nene la damu kwenye slaidi lisiguswe na methanoli, maana chembe nyekundu hazitapasuka na zitaficha vimelea. Paka rangi ya Giemsa ya asilimia 10, dakika 10 hadi 15, kisha soma nyuga 100 za hadubini kabla ya kuandika "hakuna". Kipimo cha haraka hunasa protini ya vimelea iliyomwagika kwenye damu hata vimelea vikijificha, ila hubaki chanya wiki kadhaa baada ya tiba.

Homa ya kila baada ya saa 48 ya vitabuni usiitegemee. Watu wetu wengi hubeba vizazi kadhaa vya vimelea, kila kimoja na saa yake. Na saa vimelea vinayo kweli: mwaka 2020 majaribio yalionyesha vimelea vya panya vikiendelea na mapigo yao hata saa ya mwili wa panya ilipoharibiwa. Ukibadilisha muda wa panya kula, nao muda wa kupasuka husogea.

Kuhusu tiba, dawa mseto ya malaria ya artemether na lumefantrine: dozi ya pili ni baada ya saa 8, si kesho yake. Kisha asubuhi na jioni siku 2, pamoja na chakula chenye mafuta. Mchuzi wa karanga unatosha.

Wasalimie watoto.

Wako,
Wafula