Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Kijiji cha Kalenga, Iringa

Ndugu Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazee wetu wa Kalenga, wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu, kamwene!

Kwa niaba ya wanachama wote wa klabu, tunakushukuru kwa kukubali kuja kutufungulia maonyesho haya ya masimulizi tuliyokusanya kwa wazee wetu. Karibu sana Kalenga.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ukitoka Iringa mjini kwa barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, mwendo wa kilometa kama 15, unafika hapa tulipo. Unaona nyumba za watu, mahindi, nyanya, na Mto Ruaha Mdogo. Wageni wengi huja makumbusho, hulitazama fuvu la Mtwa Mkwawa, yaani mtawala wa Wahehe, husikiliza maelezo, kisha huyo, safari ya hifadhini. Hatuwalaumu. Lakini kijiji hiki kiliwahi kuwa makao makuu ya dola ya Wahehe, na namna kilivyogeuka kuwa kijiji ni habari ambayo sisi watoto wake tungependa isimuliwe kikamilifu.

Habari hiyo inaanzia Lugalo, upande wa mashariki wa mji wa Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye wenyeji wa pwani walimpa jina la Nyundo, kilikuwa kikipita kwa msururu mrefu katika njia nyembamba yenye vichaka na mawe. Nyuma ya askari walikuwapo wapagazi na punda wa mizigo. Wahehe walikuwa wamejificha kandokando ya njia. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja wa Kijerumani alimfyatulia ndege risasi, na wapiganaji wakadhani ndiyo ishara waliyokuwa wakiingoja. Wakainuka kwa mikuki. Katika dakika chache kikosi kilikuwa kimesambaratika, na Zelewski mwenyewe amekufa. Masimulizi yanasema aliyemchoma mkuki alikuwa kijana wa miaka 16, umri wa wengi wetu tuliosimama hapa. Wajerumani kumi walikufa siku ile, pamoja na mamia ya askari weusi na wapagazi. Na hawa wapagazi, Ndugu Mgeni Rasmi, tumeona tuwataje, kwa sababu nao walikuwa watoto wa watu, na hawakuwa na ugomvi na Mtwa.

Wahehe nao walipoteza watu wengi, wengine kwa majeraha siku kadhaa baadaye. Walirudi na bunduki zipatazo 300 na mizinga. Jina la Lugalo leo limepewa kambi ya jeshi na hospitali yake kule Dar es Salaam, pamoja na shule ya sekondari hapa Iringa. Kila Mtanzania amelisikia. Gharama ya ushindi ule, hata hivyo, ililipwa hapa Kalenga.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mtwa Mkwawa alijua kwamba Wajerumani watarudi. Ngome yake ya Lipuli ilizungushiwa ukuta wa mawe, na ndani yake kulikuwa na makazi ya watu, akiba ya baruti na silaha zilizotekwa. Walirudi kweli, miaka mitatu baadaye, wakiongozwa na Gavana Friedrich von Schele mwenyewe. Safari hii hawakupita njia nyembamba. Walipanga mizinga yao mbali, wakaipiga ngome, na tarehe 30 Oktoba 1894 kikosi cha Tom von Prince, yule aliyeitwa Bwana Sakarani, kikauvamia ukuta na kuingia ndani. Watu walipigana nyumba kwa nyumba. Mtwa alifanikiwa kutoroka, na vita vikaendelea porini kwa karibu miaka minne.

Vitabu vingi vikifika hapo humfuata Mtwa porini. Sisi tunaomba tubaki kidogo Kalenga. Mwaka 1896 Wajerumani walianzisha boma jipya kule kilimani, na hilo ndilo lililokuja kuwa mji wa Iringa wa leo. Utawala ukahamia kule, na soko na barabara vikaufuata. Palipokuwa kitovu cha nchi pakabaki na mashamba na mabaki ya mawe. Wazee tuliozungumza nao walipofika sehemu hii ya simulizi walinyamaza kwanza, ndipo wakaendelea. Kwetu sisi, huo ndio uchungu wa vita ambao hauonekani katika idadi ya waliokufa.

Mtwa alijiua kwa risasi tarehe 19 Julai 1898 kule Mlambalasi, ili asikamatwe akiwa hai. Wajerumani walikuwa wametangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu lile katika muda wa miezi sita. Ilichukua miaka 35. Edward Twining, gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, alilipata katika makumbusho ya mji wa Bremen, katikati ya mafuvu yapatayo 2,000, na mwaka 1954 akalikabidhi hapa hapa Kalenga kwa Mtwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Umati uliokuja siku ile ulikuwa mkubwa, na Kalenga ikawa tena, kwa siku moja, mahali ambapo macho ya nchi nzima yameelekea.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mabaki ya ngome yapo katikati ya makazi yetu. Anayechimba msingi wa nyumba au kulima bustani hana alama yoyote ya kumwambia kwamba hapo ulipita ukuta wa Lipuli. Wazee waliosikia habari hizi kwa wazazi wao wanazidi kupungua, na mengi waliyotuambia tumeyaandika kwa mkono katika madaftari ya shule.

Kwa hiyo tunaleta kwako maombi yafuatayo. Tusaidiwe kupata wataalamu wa mambo ya kale waje kupima mahali ukuta ulipopita, kisha ziwekwe alama, hata za mawe yaliyopakwa chokaa. Tusaidiwe kupata kinasa sauti, ili masimulizi yahifadhiwe kwa Kihehe kama yanavyotoka vinywani mwa wazee, na sisi tuyafasiri taratibu. Tupatiwe pia usafiri wa kwenda Lugalo na Mlambalasi, kwani wengi wa wanachama wetu hawajawahi kufika huko, ingawa kila siku wanasoma habari zake darasani. Kwa upande wetu, tumejitolea kuwatembeza wageni kijijini siku za Jumamosi bila malipo, tukianza na wewe leo baada ya chakula cha mchana, ukiridhia.

Tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na kusomwa kwako na wanachama wa Klabu ya Historia, Kalenga.