Mama Glory, usilipie chumba kabla hujasoma barua hii

Las Vegas, Nevada
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Glory,

Pokea salamu zangu, na shikamoo yangu imfikie Mama huko Kibosho. Sisi huku hatujambo. Watoto wanasoma, baba yao bado yuko barabarani na lori lake, na mimi bado nasafisha vyumba palepale, mwaka wa tisa sasa.

Zile picha za hoteli ulizonitumia nimeziangalia mpaka usiku wa manane. Nimefurahi sana kwamba safari hii imepatikana, kwamba utakuja JCK, yale maonyesho ya vito, na mawe yako mwenyewe badala ya kumwachia dalali. Ningeweza kukupigia simu, lakini mambo ni mengi, na najua kwenye simu utaitikia "sawa, sawa" halafu ulipie ile yenye piramidi. Kwa hiyo nimekaa chini nikuandikie.

Nianze na piramidi. Ile ni Luxor, ilifunguliwa 1993, na ni kweli inapendeza: ukuta wa vyumba umelala kama paa la nyumba, na lifti hupanda kimshazari. Bei yake imekuvutia, naelewa. Lakini wewe unakuja kwenye maonyesho, na maonyesho yako hoteli ya Venetian. Kutoka Luxor hadi pale ni karibu kilomita 4. Kwa watu tuliozoea kupanda mlima si kitu, ila hapa utatembea mchana wa Juni, nyuzi 38 na kuendelea, hewa kavu kuliko Same, na begi lenye tanzanite begani. Njia nyingine ni treni ndogo ya bure hadi Excalibur, kisha madaraja hadi MGM Grand, ukavuke ndani ya hoteli nzima mpaka kituo cha monorail, treni ya juu, kilicho nyuma, ushuke Harrah's, utembee tena. Nimeipita njia hiyo nikiwa sina hata mkoba, nikafika nimechoka. Na usidanganywe na macho. Majengo ya hapa ni makubwa mno kiasi kwamba hoteli unayoiona kama jirani ni mwendo wa dakika 20. MGM Grand peke yake ina vyumba kama 5,000. Kutoka unapoteremka kwenye teksi mpaka mlango wa chumba chako tu ni safari.

Ile yenye mnara ni The Strat. Mnara una urefu wa karibu mita 350, unaonekana kila mahali, ndiyo maana watu hudhani uko katikati ya mambo. Hauko. Uko mwisho wa kaskazini kabisa wa barabara ya hoteli kubwa, na usiku ukitoka nje kwa miguu kuna vipande vya barabara vitupu ambavyo sitaki uvipite na mzigo wako. Ya tatu, ya Mtaa wa Fremont, ndiyo mji wenyewe wa zamani. Mimi naupenda mtaa ule, tutaenda siku moja tukauone ule mfuniko wa taa ulioezekwa juu ya kipande kirefu cha mtaa. Kulala pale ukiwa na kazi asubuhi, hapana. Muziki wa jukwaani unapenya hadi vyumbani mpaka usiku mkubwa, na dirisha huwezi hata kujua ulifunge vipi zaidi kwa sababu tayari halifunguki.

Kitu kimoja ukumbuke unapotafuta kwenye mtandao: neno "Las Vegas" kwenye anwani halikuambii chochote. Hiyo barabara wanayoiita Strip, yenye hoteli zote maarufu, kisheria karibu yote haimo hata ndani ya mji wa Las Vegas, sehemu yake kubwa imo katika eneo linaloitwa Paradise, chini ya Kaunti ya Clark. Kwa hiyo hoteli yoyote inaweza kujiita ya Las Vegas. Wewe angalia ramani, upime umbali kutoka Venetian, basi.

Sasa pesa. Mwaka niliofika tulilala hotelini usiku mbili kabla hatujapata chumba cha kupanga. Bei tuliyoiona ilikuwa dola 39. Asubuhi ya kuondoka karatasi ikaja na "ada ya hoteli" ya kila usiku, na kodi juu ya kila kitu, jumla ikawa zaidi ya mara mbili. Nilisimama pale mapokezi machozi yananilengalenga, maana tulikuwa tumezihesabu zile pesa mpaka senti. Ada hiyo wanaiita resort fee, na katika hoteli kubwa za Strip mara nyingi inazidi dola 40 kwa usiku, uogelee usiogelee. Tangu Mei 2025 sheria ya serikali kuu inawalazimisha waonyeshe bei yenye ada ndani yake tangu mwanzo. Hilo limesaidia. Kodi lakini bado huja baadaye, kwa hiyo usilinganishe hoteli mpaka umefika ukurasa wa mwisho kabisa, pale panapoandikwa jumla.

Halafu kuna amana. Ukifika mapokezi watazuia pesa kwenye kadi yako kwa kila usiku, kama dhamana ya utakachotumia. Hawazichukui, wanazifunga tu, lakini kama kadi ni ya akaunti yako ya kawaida ya benki, zile pesa hutazigusa mpaka siku kadhaa baada ya kuondoka. Binamu ya mume wangu alikwama hivyo, ana pesa na hana pesa. Njoo na kadi ya pili. Na ukikuta friji imejaa vinywaji na chokoleti, usiguse hata kwa kutaka kusoma jina. Nyingi zina kihisio: ukiinua chupa muda mfupi tu, umeshanunua. Mara ngapi nimekuta wageni wamehamisha soda waweke dawa zao zinazotakiwa kukaa kwenye ubaridi, kisha wakalia kwenye bili!

Wiki ya maonyesho yenu bei hupanda kila mahali. Chumba kilekile ambacho Jumanne ya kawaida ni cha bei ya nyumba ya wageni, wiki ile kinakuwa kitu kingine. Waandaaji wa JCK huwa na vyumba walivyokubaliana bei na hoteli. Jiandikishe kupitia ukurasa wao wenyewe, si kupitia mtu aliyekupigia simu au kukutumia barua pepe akisema anawakilisha maonyesho. Matapeli wa namna hiyo wapo, wanachukua pesa, na ukifika mapokezi jina lako halipo.

Uliniuliza pia, kwa ile sauti yako ya chini, kama huko kwenye hoteli za kifahari watatupokea vizuri sisi watu weusi. Watakupokea. Lakini swali lako si la bure, na lilinirudisha kwa bibi mmoja Mmarekani mweusi aliyenifundisha kazi, sasa amestaafu. Kwao ni Westside, ng'ambo ya reli. Alinieleza kuwa miaka ya 1940 na 1950 watu wetu walisimama kwenye majukwaa ya Strip, watu kama Sammy Davis Jr., ukumbi umejaa, wanashangiliwa, halafu usiku hawaruhusiwi kulala katika hoteli hiyohiyo. Walikwenda kulala Westside kwenye nyumba za watu. Mei 1955 ikafunguliwa Moulin Rouge, hoteli ya kwanza ya kasino hapa iliyopokea weusi na weupe pamoja. Wasanii wa Strip wakimaliza kazi walikimbilia pale. Haikumaliza mwaka, ilifungwa. Lakini Machi 1960, weusi walipotishia kuandamana Strip, ilikuwa ndani ya jengo hilohilo la Moulin Rouge viongozi walipokaa na kukubaliana kwamba kasino za Strip ziache kubagua. Bibi yule alikuwa mtoto. Aliniambia mama yake aliwavisha nguo za kanisani wakaenda kuangalia taa, kuangalia tu. Kila nikitandika kitanda cha mgeni mweusi kwenye ghorofa ya juu, namkumbuka. Kwa hiyo nenda mapokezi kichwa juu, Mama Glory. Hicho chumba kina historia na wewe.

Sasa tuje kwenye chumba chenyewe. Mimi nilishakuchagulia Treasure Island. Iko upande wa pili wa barabara, kuna daraja la waenda kwa miguu linalokupeleka moja kwa moja upande wa Palazzo na Venetian bila kukanyaga barabara, na bei yake kwa kawaida ni ya chini kuliko ya Venetian. Nilikuwa nimeshaandika hivyo na barua imekwisha. Halafu nikakumbuka kifua chako. Nikakumbuka usiku ule bwenini tulipokubeba na blanketi mpaka kwa matroni.

Hapa watu wanavuta sigara ndani ya kasino, Mama Glory. Na hoteli zimejengwa ili kila njia ipite kwenye mashine za kamari: unaenda kula, unapita hapo, unaenda kwenye lifti, unapita hapo. Hata ukipewa chumba cha wasiovuta, mara nne kwa siku utavuka ule moshi. Wanapuliza manukato kuuficha, na kwa mtu wa pumu manukato nayo ni adui. Mimi mwenyewe nisiye na pumu huwa nafua sare nikifika tu.

Kwa hiyo nimebadili. Lala Vdara. Ni ndefu, ya vioo, imejikunja kama mwezi mchanga, pembeni ya hoteli ya Aria na karibu na Bellagio. Haina kasino kabisa na hakuna kuvuta sigara ndani. Unaingia mapokezi, unapanda lifti, umefika. Vyumba vina jiko dogo na friji, kwa hiyo uji wako utapika mwenyewe, ila sufuria na vyombo viombe mapokezi. Ipo pia Park MGM, ambayo tangu 2020 imekataza sigara jengo zima, kasino ikiwemo. Vdara ikijaa, chukua hiyo. Zote mbili haziko karibu na maonyesho kama Treasure Island, na Vdara si ya bei rahisi, nakuambia ukweli. Utachukua teksi asubuhi na jioni, mlango kwa mlango. Nimepiga hesabu nikaona hata kwa usalama wa mawe hiyo ni afadhali kuliko kutembea kwenye msongamano.

Na mawe yenyewe yasilale kwenye lile sefu dogo la kabatini. Wageni wakisahau namba, anakuja mtu wa hoteli na kulifungua kwa dakika moja, nimeona kwa macho yangu. Uliza waandaaji utaratibu wao wa kuhifadhi mali usiku, na uufuate. Kile kitambulisho cha maonyesho kivue kabla hujatoka mlangoni. Kinamwambia kila mtu barabarani umebeba nini.

Ukipata chumba, omba ghorofa ya juu, mbali na lifti, na kisiwe na mlango wa kuunganisha na chumba cha jirani, maana kupitia mlango ule utasikia hata wanachokinong'ona. Muachie anayekusafishia dola chache kila siku, usingoje siku ya mwisho, kwa sababu leo ni huyu na kesho ni mwingine. Hata hivyo sisi siku hizi si wanyonge. Chama chetu cha Culinary, tawi la 226, kwenye mikataba ya mwisho wa 2023 kilipigania tuongezwe mishahara na vyumba visafishwe kila siku. Watu wa nje hudhani kutosafishiwa chumba ni kutupunguzia kazi. Chumba kilichokaa siku nne bila kuguswa kinakuvunja mgongo. Hata wenzetu wa Venetian, waliokaa miaka 25 bila mkataba, walipata wao 2024. Niliposikia nililia kwa furaha jikoni.

Usiku wa Vdara uwe minne tu, ya maonyesho. Usikatae kwa adabu zako. Barua yako imesema hutaki kunisumbua, na neno hilo limenichoma kidogo, nakuambia kama dada. Siku maonyesho yanapofungwa nakuja kukuchukua na gari langu, unahamia kwangu siku zote zinazobaki. Tuko mbali na Strip, dakika 25, nyumba ni ya kawaida, lakini hakuna anayevuta, na dirisha la chumba chako linafunguka. Jirani kuna Waethiopia wengi na kwenye duka lao hununua tefu, ile nafaka yao, na kahawa ya kijani, tutakaanga wenyewe. Jioni nitakupeleka ukaone maji ya Bellagio yakirushwa juu kwa muziki. Kuangalia ni bure, na ndicho kitu cha Strip ambacho baada ya miaka tisa bado nasimama kukitazama.

Usilete majani ya chai, yapo. Niletee kitenge cha kushona suti, na picha za kaburi la Baba baada ya kujengewa, maana sikuwepo.

Tarehe za ndege ukishazipata nitumie kwanza mimi. Usiweke kadi mahali popote mpaka nimeiona ile jumla ya mwisho kwa macho yangu.

Wako,
Mama Ema